Kali Elfu Mbili na Mia Saba

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, ujue unaandikiwa na mtu ambaye akipata mafua, mitaa mitatu inakaa gizani. Mwaka ule wa mafuriko, meneja wa umeme alikuja kwa gari mpaka mlangoni kwangu, akavua kofia, akaniuliza, "Mzee, tuwashe laini?" Nikalowesha kidole, nikapima upepo, nikamwambia asubiri dakika nne. Angewasha palepale, leo mtaa mzima usingekuwa na friji hata moja. Kuna watu wanakunywa maji baridi hawajui ni kwa sababu ya zile dakika nne. Na nguzo nimepanda zaidi ya mia mbili, nyingine kwenye mvua, nyingine nikiwa nimeshika sambusa kwa mkono mmoja.

Mtu huyo ndiye umemfungia simu. Nikikupigia, naambiwa hupatikani. Jirani yangu fundi cherehani akikupigia kwa simu yake, mara moja unaitika, "Abee mama." Basi nimenunua karatasi. Barua huwezi kuifungia.

Najua unachonikasirikia. Unasema nilichukua mbegu za nyanya kabatini kwa marehemu mama yako kabla hujafika msibani. Nilichukua, sikatai. Zilikuwa thelathini na moja. Nikakutumia kumi ndani ya kibiriti, tena kibiriti kipya. Nani mwingine angekutumia hata moja? Zile nyanya za milia dada yangu amezitunza miaka ishirini na sita, na mahali pengine hazipo, nimeulizia. Mbegu zilizobaki ni hizo tu. Zikifa zimekwisha, na yeye hayupo wa kumuomba nyingine. Sasa mtu wa kuzirithi si lazima awe anaujua mwanga?

Maana nje haziwezekani. Mvua hizi zinavunja mpaka migomba, na ghorofa la jirani limekula jua lote la uani. Lazima zilelewe ndani, kwa balbu, mpaka mvua zikatike. Nimepanda zangu zote tarehe 20, chini ya balbu ya msokoto, ile ya kuokoa umeme, ya kioo, yenye uzito mkononi. Fundi cherehani ananiambia wewe zako umeziwekea LED. Kile kiplastiki. Mwanangu, LED ni taa ya kuonea njia ya kwenda chooni. Haijawahi kuotesha kitu ila mende.

Zima hiyo takataka kabla hujaniulia dada yangu mara ya pili.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu (Transfoma)


Tarehe 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo shikamoo ni ya mama, yeye ndiye aliyenifundisha nisianze barua bila salamu. Ya kwako bado naitafuta.

Nimekufungia simu kwa sababu unanitumia sauti za dakika kumi na moja, na kumi kati ya hizo unajisifu na moja unakohoa. Na kwa sababu siku ile nilifika na begi bado mkononi, nikafungua kabati la mama, nikakuta vumbi lote limekaa sawasawa isipokuwa kipande kimoja safi cha mraba. Ukubwa wa bahasha. Mtu amefiwa na dada yake, anapita katikati ya waombolezaji anakwenda kupekua kabati. Mpaka leo nikifumba macho naona ule mraba.

Meneja hakuvua kofia. Ulikuwa msoma mita, Mjomba. Ulikuwa unaandika namba kwenye daftari na mbwa wanakukimbiza. Na Transfoma walikuita kwa sababu unanguruma mchana kutwa.

Sasa sikiliza, siyo kwa ajili yako, kwa ajili ya mbegu. Mimi kazi yangu ni kufunga balbu kwenye maboksi, saa tisa kwa siku. LED ya wati tisa inatoa mwanga sawa na msokoto wa wati kumi na tano, na inaumwaga mbele, huko ulikoielekeza. Msokoto unatupa mwanga pande zote, nusu unakwenda kumulika dari, na dari haioti. Sisemi msokoto hauoteshi. Unaotesha, mradi uwe karibu kabisa na majani. Lakini huo wako ulifungwa mama akiwa bado na nywele nyeusi, na hizo balbu zinafifia miaka mingi kabla ya kuungua. Tena ndani ina zebaki. Ikivunjika, fungua madirisha, toka nje, usianze kufagia ukiimba.

Ukinunua balbu, tazama boksi liwe limeandikwa 6500K. Ining'inie shibiri moja juu ya miche, iwake saa kumi na nne, kisha uizime zipumzike. Ni hayo tu.

Zangu zimeota tisa kati ya kumi. Zina sentimita tano, shina nene kama njiti ya kibiriti.

Mpwa wako, kwa kuzaliwa


Tarehe 16 Machi

Bibi Maboksi,

Kusoma boksi na kujua umeme ni vitu viwili. Mimi nimesoma mita, sawa, lakini mita nilizosoma mimi zilikuwa zinaniambia mambo. Nikiingia uani, mita inapunguza mwendo yenyewe, kwa hofu.

Nimefanya utafiti, ili siku nyingine usinitolee namba za kiwandani. Mbegu zangu nilikuwa nimezigawa makopo mawili: kumi na moja sebuleni, kumi jikoni. Sebuleni nimeacha msokoto. Jikoni nimetoa msokoto, nikamwagiza fundi cherehani aniletee LED, maana alikuwa anakwenda dukani. Akaja na mbili nichague. Moja imeandikwa hiyo 6500K yako. Nyingine 2700K. Mpwa wangu, mimi siyo mjinga. K ni Kali. Wewe unataka mtoto mchanga wa siku kumi amulikwe Kali elfu sita na mia tano? Hata mimi mwenye ngozi hii ningebabuka. Nikachagua ya upole, Kali elfu mbili na mia saba, ile nyingine nikamrudishia.

Matokeo, yaandike mahali. Sebuleni, chini ya msokoto, zimeota tisa, zina sentimita kumi na nne. Jikoni, chini ya LED, nane, sentimita kumi na mbili. Msokoto umeshinda kwa sentimita mbili, nimepima kwa rula ya shule mbele ya shahidi, ambaye ni fundi cherehani, na mkono wake umezoea kupima watu. Zako ngapi? Tano. Umesema mwenyewe, nimepigia mstari. Zangu zina karibu mara tatu ya zako, na zote zinamtazama Mungu. Nikikaa kimya nazisikia zikikua, kama mtu anayevuta zipu polepole.

Kuhusu kabati. Wewe ulibeba redio, sahani, mashuka na saa ya ukutani, mpaka msumari wa saa uling'oa. Sikufungua mdomo. Mimi niliyekaa naye miaka yote ile, niliyekuwa nambebea maji ya kumwagilia hizohizo nyanya mgongo ukiniuma, nimechukua bahasha. Bahasha moja nyepesi hata upepo ungeichukua. Na kwa hiyo bahasha unaniita mwizi mbele ya ukoo.

Mwizi gani anakutumia kumi?

Mjomba wako,
Fundi Mkuu, Mtafiti


Tarehe 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo ya mama.

K siyo Kali. Nilipofika hapo nilicheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama mashine imenikata. Halafu nikaenda chooni nikalia, kwa sababu nilipiga hesabu ya mbegu ulizoziweka chini ya ule ujinga.

K ni kipimo cha rangi ya mwanga, haihusiani na ukali. Elfu mbili na mia saba ni njano, kama mshumaa, nzuri kwa chumba cha kulala. Elfu sita na mia tano ni nyeupe, kama mchana. Mche mdogo unataka mchana. Ulishika balbu sahihi mkononi, Mjomba, ukairudisha.

Na huo urefu unaoutangaza ni njaa. Mche ukikosa mwanga unajinyoosha kuutafuta, unakuwa mrefu, mweupe, mwembamba kama uzi, halafu unaanguka. Hukushinda kwa sentimita mbili. Msokoto wako umezinyima chakula zaidi kuliko LED, basi. Ndiyo utafiti wako wote.

Swali moja, na nataka jibu. Balbu zako ziko wapi? Kwa sababu nimesoma barua mbili ndefu na hakuna mahali umesema umezishusha. Kama ziko darini, hata tusibishane habari ya LED na msokoto. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Kutoka dari ile ya mama mpaka mezani ni karibu mita mbili. Ni kama kumlisha mtoto uji kwa kumrushia kijiko kutoka ghorofani, halafu ukajisifu kwamba uji wako ni mtamu kuliko wa jirani.

Panda juu ya stuli, ongeza waya, shusha balbu mpaka shibiri moja. Kazi ya dakika tano kwa mtu aliyepanda nguzo mia mbili na sambusa mkononi.

Ukiziacha zife, sitakuita mjomba tena. Nitakuita yule mwanaume aliyekuwa anakaa kwa mama.

Mimi


Tarehe 27 Machi

Wewe,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Yule mwanaume aliyekuwa anakaa kwa mama." Nani alikubeba mgongoni ulipougua surua? Nani alikwenda shuleni kupigana na mwalimu wa hesabu, akashinda? Haya, nusura ashinde. Na nani alikuwa pale asubuhi mama yako alipoita mara moja tu, akanyamaza? Wewe ulikuwa unafunga maboksi. Sikulaumu, lakini usiniite yule mwanaume.

Balbu ziko darini, ndiyo. Zilipo ndipo mahali pake. Waya wa darini haushushwi ovyo, kuna kanuni, ambazo sitakueleza maana ni za ndani. Ukishusha waya, umeme unakuja kwa mteremko, unashika kasi, unafika chini umechemka. Ndiyo maana nguzo zinajengwa juu. Muulize mtaalamu yeyote, au niulize mimi.

Na hazianguki. Zimeanza kuinama kidogo, jikoni tatu na sebuleni nne. Naona ni adabu. Moja imelala kabisa, lakini hiyo tangu mwanzo ilikuwa mvivu. Nimezifunga nyingine na uzi wa cherehani kwenye vijiti vya meno. Fundi cherehani amekuja kuona, akauliza, "Transfoma, hii ni miche au wagonjwa?" Nikamwambia arudi kwenye pindo zake.

Tena usiniandikie mambo ya stuli. Sipangiwi kazi na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Fundi Mkuu


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Zangu zimekufa. Zote tisa.

Balbu yangu ilikuwa sawa. Shibiri ilikuwa sawa, K ilikuwa sawa, saa kumi na nne zilikuwa sawa, nilizihesabu kwa saa ya mama. Zimeoza shingo. Shina likawa jembamba jeusi pale linapogusana na udongo, zikalala moja moja, nikanyanyua ya kwanza ikabaki mkononi. Mama mmoja kazini anayelima alitazama kopo akaniambia, "Umezizamisha, mwanangu. Unamwagilia mara ngapi?"

Nikafikiria. Kila nilipomaliza kusoma barua yako nilikuwa nasimama nakwenda kumwagilia. Nilikuwa na hasira na mkono unataka kazi. Nikiikumbuka sentensi moja nikiwa napika, nakwenda tena. Barua ya surua na mwalimu wa hesabu niliisoma mara tano. Hiyo ndiyo iliyozimaliza.

Kwa hiyo sina mbegu, sina mche, na katika dunia nzima nyanya za mama ni hizo zako zilizofungwa kwenye vijiti vya meno. Nimekukasirikia vibaya sana na siwezi kufanya lolote bila wewe, sijui kama unaelewa hali hiyo ilivyo.

Nyanya zina bahati moja. Shina lake likifukiwa linatoa mizizi. Chukua makopo marefu, toboa chini, zika kila mche mpaka karibu na majani ya juu. Mwagilia mara moja, kisha subiri udongo wa juu ukauke, uguse kwa kidole kwanza. Na hizo balbu zishushwe. Kama ni msokoto basi msokoto, kama ni ile ya njano basi ya njano, nimechoka kubishana, ila ziwe karibu. Bora zaidi umuombe fundi cherehani ile nyeupe uliyoirudisha.

Ningekuja mwenyewe, nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa mpaka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ni mbali.

Nimekufungulia simu. Usitume sauti.

Shikamoo, Mjomba. Hii ni yako.

Mpwa wako


Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Ningeweza kupiga simu, lakini haya mengine siwezi kuyasema nikiwa nasikia unavuta pumzi upande wa pili.

Kwanza hasira zangu zipo palepale, usidhani tisa zako zimezipooza. Tisa. Mtu anaandika barua nzuri namna ile kuhusu shibiri na robo ya mwanga, halafu anazizamisha kama anafua. Dada yangu angekuwepo angetuchapa wote wawili kwa mwiko uleule.

Pili, hesabu. Kutoka kumi na saba zimebaki saba. Barua yako ilipofika nilikuwa na kumi. Nikasema kama balbu haishuki, miche ipande. Nikaweka kopo moja juu ya meza, nikaona bado mbali. Nikaweka kiti juu ya meza, juu ya kiti sufuria kubwa iliyopinduliwa, juu ya sufuria kopo. Ilikuwa kazi safi, ingeweza kupigwa picha. Nikageuka kuchukua kopo la pili, nikasikia mlio. Tatu zilivunjika katikati. Nilikaa sakafuni na udongo mapajani nikaitukana sufuria, nikamtukana aliyeitengeneza, nikakutukana na wewe, halafu nikabaki sina wa kumtukana.

Nimezizika hizo saba kama ulivyosema. Kila moja kopo lake, mpaka karibu na majani. Nilipokuwa nafukia ya mwisho niliona kwenye shina vinundu vidogo vyeupe, kama vipele vya joto. Fundi cherehani, aliyenunua miwani mipya, anasema ni mizizi inayotaka kutoka. Nadhani ni kweli. Nagusa udongo kwa kidole kabla ya kumwagilia, na nikiwa na hasira nakwenda kufua.

Balbu zimeshuka. Zote saba nimezileta sebuleni, msokoto upande mmoja, ile nyeupe upande mwingine, shibiri moja, nimepima kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono wangu ni mkubwa kwa hiyo sema shibiri na robo. Ni siku ya nne leo. Chini ya nyeupe majani mapya yametoka mafupi na ya kijani kilichoiva. Chini ya msokoto nayo yanatoka, kwa kusuasua. Msokoto haujashindwa, umezeeka tu, uandike hivyohivyo. Kali elfu mbili na mia saba nimeifunga chumbani, na nakubali, inafaa kwa kulala.

Bahasha nimeiweka humu ndani. Mbegu hazimo tena, lakini mwandiko ni wa mama yako. Kwa nyuma ameandika, "Zisipandwe zote siku moja." Mimi niliisoma tangu mwanzo. Nilidhani anawaambia watu wengine.

Sasa la mwisho, na ukimsomea mtu yeyote kazini nitajua.

Zile nguzo mia mbili nilikuwa nazisoma namba, na namba zimepigwa chini, usawa wa macho. Sijawahi kupanda. Haikuwa kanuni, wala waya, wala umeme kuteremka. Stuli ya jikoni ina urefu wa goti langu. Nikiweka mguu wa kwanza sina neno. Nikiinua wa pili, sakafu inakwenda zake, masikio yanajaa maji, nashuka na jasho mpaka kwenye soksi. Miaka yote ile balbu za nyumba hii alikuwa anabadilisha dada yangu, na watu wa nje wakinisifu mimi, hakuwahi kusema neno.

Aliyezishusha ni fundi cherehani. Ana miaka sitini na nane na goti bovu. Alipanda na mkasi mdomoni, akaunga waya nikimwelekeza kutoka chini, na mimi nilikuwa nimeshika stuli kwa mikono miwili.

Macho nilikuwa nimefumba.

Mjomba wako